Simu imerahisisha kulipia maegesho, kupata nafasi ni kazi nyingine

Dereva anayeingia Posta, Dar es Salaam, saa nne asubuhi ana kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni kupata mahali pa kuegesha. Ya pili ni kupalipia. Simu ya mkononi imeirahisisha sana hiyo ya pili: hakuna kutafuta chenji, hakuna kubishana na mtu wa risiti, pesa inatoka kwenye simu na ujumbe wa uthibitisho unaingia. Hiyo ya kwanza iko palepale ilipokuwa. Mtu anapita Samora, anakata kona, anatokea Sokoine, anarudi tena Samora, na nyuma yake kuna wengine wanaofanya hivyohivyo.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Mji ukitangaza "mfumo wa kidijitali wa maegesho", ndani ya maneno hayo kuna kazi tatu zisizofanana. Kuna kukusanya ada. Kuna kumbana asiyelipa. Na kuna kumsaidia dereva apate nafasi. Kazi mbili za kwanza zinaihudumia hazina ya mji, ya tatu ndiyo inayomhudumia mtu aliyeshika usukani. Miji mingi, ya kwetu na ya mbali, imezifanya zile mbili na kuiacha ya tatu, halafu watu wanauliza mbona foleni ni ileile. Kwa maoni yangu kikwazo si ukosefu wa teknolojia. Kikwazo ni namna ada inavyotozwa, pamoja na rekodi ambazo mji unazo tayari lakini hauzitumii.

Malipo yalivyoingia kwenye simu

Mfano wa mwanzo kabisa unaotajwa sana ni wa Estonia. Julai 2000, mjini Tallinn, dereva aliweza kutuma SMS yenye namba ya gari na eneo alilosimama, na muda ukaanza kuhesabiwa. Akiondoka anapiga simu kuusimamisha, na gharama inaingia kwenye bili yake ya simu. Mkaguzi hakuhitaji karatasi kwenye kioo, aliuliza tu mfumo kama gari lile limelipiwa. Simu janja hazikuwepo, ramani za kwenye kiganja hazikuwepo, na bado kazi ilifanyika. Faida kubwa kwa dereva ilikuwa kwamba alilipia muda aliotumia kweli. Kwenye mashine ya sarafu mtu hukisia: akikisia kidogo anapigwa faini, akikisia kingi ameacha pesa yake pale.

Huku Afrika Mashariki msingi uliwekwa na pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na baada ya watu kuzoea kutumiana pesa na kulipia umeme kwa simu, maegesho yalikuwa hatua ndogo. Nairobi ilihamishia ada za kaunti kwenye malipo ya kielektroniki mwaka 2014, maegesho yakiwemo, kupitia mfumo wa kampuni ya JamboPay. Tanzania Bara, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanza mwaka 2017, ndio uliokabidhiwa ukusanyaji wa ada za maegesho ya barabarani, na malipo yanapita kwenye mfumo wa serikali unaotoa namba ya kumbukumbu kwa kila deni.

Utaratibu wa Dar unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha thamani ambacho wengi hawakioni. Umesimamisha gari. Mhudumu aliyevaa kizibao cha kung'aa anakuja na mashine ya mkononi, anapita nyuma ya gari, anaingiza namba ya usajili. Tangu hapo deni limeshazaliwa, kwa kiwango kilichozoeleka katikati ya jiji cha Sh500 kwa saa. Huhitaji kuwepo. Baadaye, ukiwa ofisini au nyumbani, unaingia kwenye menyu ya simu, unatafuta deni kwa namba ya gari, unapata namba ya kumbukumbu, unalipa kwa mtandao wako wa simu au kwa wakala wa benki. Muda uliowekwa ukipita bila kulipa, faini inapanda juu yake.

Yaani hapa gari linaandikwa kwanza, pesa inafuata. Tallinn ilikuwa kinyume chake, pale mfumo uligundua gari lipo kwa sababu dereva amelipa. Tofauti hiyo ina uzito, nitaeleza mbele kidogo.

Utaratibu huu wa Dar una pia shida yake. Deni linafuata namba ya gari, halimfuati mtu. Aliyenunua gari la mkononi anaweza kurithi madeni ya mwenzake bila kujua, na namba ikikosewa herufi moja, bili inamwangukia mtu ambaye siku hiyo hakutoka nyumbani. Ndiyo maana anayenunua gari lililokwishatumika mjini afanye jambo dogo kabla ya kukabidhi pesa: aingize namba ya gari hilo kwenye menyu ya malipo aone kama kuna deni la maegesho. Inachukua dakika chache. Na wanaosimamia mfumo wangemaliza nusu ya ugomvi kama kila bili ingeambatana na picha ya gari, mahali na saa. Mashine zenye kamera si anasa tena.

Kwa nini magari yanazunguka

Aliyelichambua jambo hili kuliko wengine ni Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025. Alifanya utafiti kwenye kitongoji cha biashara kiitwacho Westwood, karibu na chuo chake. Kwa wastani dereva alitumia dakika 3 na kidogo kutafuta nafasi, na alitembea kama nusu maili. Mtu akisikia hivyo ataona ni jambo dogo. Lakini nafasi ileile inatumiwa na magari mengi kwa siku, na ukizijumlisha zile nusu maili za mwaka mzima katika mitaa 15 tu, Shoup alipata takriban maili 950,000, yaani zaidi ya kilomita milioni moja na nusu za magari yaliyokuwa hayaendi popote.

Kuna takwimu nyingine ya Shoup inayonukuliwa vibaya kila mahali, kwamba asilimia 30 ya foleni za mjini ni magari yanayotafuta maegesho. Yeye alikusanya tafiti za miji mbalimbali, nyingine za tangu miaka ya 1920, na kupata wastani huo. Tafiti zenyewe zilifanyika mahali ambapo tatizo lilikuwa linajulikana tayari. Mtu asikuambie kwamba asilimia 30 ya foleni ya Mwenge au ya Thika Road ni watu wanaotafuta pa kuegesha. Kwenye mitaa ya katikati ya mji wakati wa pilika, sawa, uzito wake ni mkubwa. Kwenye barabara kuu, hapana.

Hesabu iliyo chini ya yote haya si ngumu. Chukua mtaa wenye nafasi 20. Zikijaa 17, kila anayeingia anapata mahali bila kuzunguka. Zikijaa 20, anayeingia lazima amsubiri anayetoka, na wanaosubiri ndio hao wanaozunguka au kusimama katikati ya njia huku wamewasha taa za tahadhari. Tofauti kati ya mtaa unaopitika na mtaa uliokwama ni nafasi mbili tatu. Ndipo Shoup akasema kila mtaa ubaki na nafasi moja au mbili wazi muda wote, na bei ipandishwe au ishushwe mpaka hali hiyo ipatikane.

Wazo la kwamba ada ya maegesho ni ya kugawa nafasi, na mapato ni jambo la pili, halikuanza naye. Mashine ya kwanza ya maegesho duniani iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa juhudi za mwanahabari Carl Magee. Wafanyakazi wa maduka walikuwa wanawahi asubuhi, wanaegesha mbele ya maduka na kuondoka jioni, wateja wakawa hawana pa kusimama. Senti 5 kwa saa ziliwasogeza. Mwenye duka yeyote wa Kariakoo analijua tatizo hilo bila kusimuliwa.

San Francisco ilivyojaribu

Jaribio kubwa lililofuatiliwa kwa makini lilifanyika San Francisco kuanzia mwaka 2011, likiitwa SFpark. Jiji lilichagua maeneo yenye nafasi za mashine zipatazo 7,000 pamoja na majengo ya maegesho, likazika vihisi kwenye lami. Kihisi cha namna hii hupima mabadiliko ya usumaku: gari ni chuma kingi, likisimama juu yake usumaku wa mahali pale unabadilika, na kifaa kinatuma taarifa kwamba nafasi imejaa. Dereva alifungua programu kwenye simu na kuona mitaa ipi ina nafasi na bei yake.

Watu wengi waliishia hapo, kwenye programu na vihisi, kana kwamba ndivyo vilivyoleta matokeo. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na bei. Kila baada ya wiki kadhaa jiji lilitazama mtaa mmoja mmoja, kwa vipindi vya siku. Uliojaa zaidi ya asilimia 80, bei yake ikaongezwa senti 25 kwa saa. Uliokuwa chini ya asilimia 60, ikashushwa. Kwa hiyo mtaa mmoja ungeweza kuwa ghali saa sita mchana na rahisi asubuhi, na mtaa wa pili yake ukawa rahisi siku nzima. Dereva mwenye haraka alilipa zaidi akasimama mlangoni, mwenye muda akasogea mitaa miwili akalipa kidogo.

Ripoti ya jiji ya mwaka 2014 ilisema muda wa kutafuta nafasi kwenye maeneo ya jaribio ulipungua kwa asilimia 43, wakati kwenye maeneo ya kulinganishia ulipungua kwa asilimia 13. Na wastani wa bei kwenye mashine haukupanda, ulishuka kwa asilimia 4. Jambo hili linawashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kwamba serikali ikisema inarekebisha ada, maana yake inapandisha. Lakini mji unapotoza bei moja kila mahali, mitaa mingi iliyo nusu tupu inatozwa zaidi ya inavyostahili kwa sababu ya mitaa michache iliyojaa.

Halafu kikatokea kitu ambacho nakiona ndicho somo kubwa kwetu. Betri za vihisi zilifika mwisho, na mwishoni mwa mwaka 2013 jiji likavizima. Kuvinunua tena kungekuwa gharama kubwa. Badala yake wataalamu wakachukua kumbukumbu za malipo, wakazilinganisha na zile za vihisi za miaka miwili iliyopita, wakatengeneza hesabu ya kukadiria mtaa umejaa kiasi gani kwa kutazama malipo peke yake. Bei zikaendelea kurekebishwa bila kihisi hata kimoja barabarani, na mwaka 2018 utaratibu huo ukapanuliwa jiji zima.

Rekodi tulizonazo tayari

Sasa rudi kwa yule mhudumu wa Samora na mashine yake. Kila anapoingiza namba ya gari, mfumo unapata vitu vitatu: gari lipi, mtaa upi, saa ngapi. San Francisco ililazimika kukisia magari yasiyolipa, kwa sababu kumbukumbu zake ni za waliolipa tu. Dar gari linaandikwa hata kama mwenyewe hatalipa mpaka wiki ijayo. Kwa kupima kujaa kwa mtaa, rekodi ya namna hii ni bora kuliko ile iliyoliwezesha jiji la Marekani kuachana na vihisi.

Zina kasoro, bila shaka. Mhudumu hafiki kila gari kwa wakati, mtaa mmoja unaweza kuwa na mtu makini na wa pili ukawa na mtu aliyekaa kivulini, na muda wa gari kuondoka hauandikwi kwa usahihi. Lakini kasoro hizo zinapimika. Watu wawili wakizunguka na daftari kwa wiki mbili, wahesabu magari yaliyopo kweli na kulinganisha na yaliyoandikwa, pengo litajulikana mtaa kwa mtaa. Baada ya hapo dereva anaweza kupewa kitu rahisi kabisa kwenye menyu ileile ya *152*00# au kwenye programu: mtaa huu, siku ya Jumatatu saa nne hadi saa saba, kwa kawaida umejaa, ule wa nyuma yake kwa kawaida una nafasi.

Nasema "kwa kawaida" kwa makusudi. Kuonyesha nafasi iliyo wazi dakika hii kunavutia kwenye matangazo, lakini ukiwa umbali wa dakika kumi hakukusaidii, maana nafasi hiyo itakuwa imechukuliwa. Mbaya zaidi, madereva watano wanaiona nafasi moja na wote wanaikimbilia. Makadirio ya kawaida ya mtaa yanamsaidia mtu kabla hajawasha gari, na hapo ndipo anapoweza kuamua aegeshe mbali kidogo, au apande daladala. Tena hayamlazimishi kutazama kioo cha simu huku anaendesha.

Google walijaribu njia nyingine mwaka 2017, walipoanza kuonyesha kwenye ramani zao ugumu wa kuegesha katika miji 25 ya Marekani. Hawakuweka kihisi chochote. Walitumia mienendo ya simu za watu walioruhusu mahali walipo pajulikane: anayefika anakokwenda halafu akaendelea kuzunguka, huyo anatafuta nafasi. Wahandisi wao walieleza wazi kwamba njia hiyo inadanganyika. Aliyeshushwa na teksi anaonekana kama amepata maegesho papo hapo, na anayeshuka basi anaonekana kama ameegesha kituoni. Fikiria basi mji ambao watu wengi wanafika kwa daladala, bajaji na bodaboda. Simu zao zote zingeuambia mfumo kwamba Kariakoo nafasi ni tele. Teknolojia iliyofunzwa kwenye mji wa magari binafsi haiwezi kubebwa ilivyo ikaletwa hapa.

Ada ya siku nzima

Nairobi ina simulizi yake. Kwa miaka mingi ada ya kuegesha barabarani katikati ya jiji imekuwa ya siku nzima. Unalipa mara moja kwa simu, gari linakaa. Ugomvi wote wa kisiasa umekuwa juu ya kiwango: kutoka shilingi 140 kwenda 300 enzi za gavana Evans Kidero, na jaribio la kufika 400 mwishoni mwa mwaka 2019 lililopelekwa mahakamani. Kila mara mjadala ni bei, mara chache sana ni muda.

Muda ndio wenye shida. Aliyeingia saa moja asubuhi na kulipa ya siku hana sababu ya kuondoka kabla ya jioni. Mtaa wenye nafasi 20 unahudumia watu 20. Wangekaa saa moja moja kwa saa tisa za kazi, nafasi zilezile zingehudumia watu 180, bila kumwaga hata ndoo moja ya lami. Na aliyekuja kwa dakika kumi kuchukua hati benki anatozwa sawa na aliyekaa kutwa, jambo ambalo sioni haki yake iko wapi. Anafanya nini? Anamwacha mtu kwenye gari, anasimama vibaya, anakimbia kabla magurudumu hayajafungwa mnyororo.

Ada ya siku inaua na taarifa vilevile. Malipo yanaonyesha kwamba gari limekuja mjini siku hiyo. Hayaonyeshi limeondoka saa ngapi, na gari likihama mtaa, malipo yanabaki yaleyale. Kwa hiyo hata kaunti ikipata wataalamu hodari wa takwimu, hakuna cha kukadiria.

Najua hoja inayotolewa dhidi ya kutoza kwa saa na kwa mtaa: itamuumiza mtu wa kipato cha chini. Hoja hii niliifikiria sana, na sikubaliani nayo kwa maegesho ya katikati ya mji. Wengi wanaoingia katikati ya Nairobi au Dar wanaingia kwa matatu, daladala au miguu. Magari yanayozunguka na yaliyosimama kwenye njia ya pili ndiyo yanayoyachelewesha mabasi yao. Wa kuhurumiwa kweli ni dereva wa kirikuu anayeshusha mzigo, ambaye hahitaji siku wala saa, anahitaji dakika 20 mbele ya duka. Huyo atengewe nafasi za kushushia mizigo zenye muda mfupi, bure au kwa ada ndogo, na simu ihesabu dakika hizo kama Tallinn.

Vijana wa mtaani

Kuna mfumo mwingine wa kuonyesha nafasi ambao ulikuwepo kabla ya programu zote. Ni kijana anayesimama mtaani na kitambaa begani. Anajua gari jeupe ni la mhasibu na halitoki mpaka saa kumi na moja, na lile la bluu mwenyewe ameingia benki mara moja tu. Anakuona ukikunja kona, anakupungia mkono, anakuongoza kinyumenyume mpaka umekaa sawa, halafu anaangalia gari lako na pengine kuliosha. Unampa chochote.

Wapangaji wa miji humwona kama kero, na ni kweli wapo wanaotisha madereva na kushikilia nafasi za umma kwa mawe na ndoo. Lakini taarifa aliyonayo kuhusu nani atatoka lini haipo kwenye mfumo wowote wa kompyuta. Mji wenye busara ungemsajili, ukampa kizibao na simu, kazi yake ikawa kubonyeza nafasi inapofunguka na inapojaa, na malipo yake yakatoka kwenye ada. Vihisi vya San Francisco vilikufa betri. Kijana huyu yupo kila siku, na analea familia kwa kazi hiyo.

Mitego ya kuangalia

Nafasi ya barabarani ni mali ya umma, na simu imefungua mlango wa kuiuza. Mwaka 2014 programu iitwayo MonkeyParking iliwawezesha madereva wa San Francisco kupiga mnada nafasi walizokalia: lipa mimi nitoke. Mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera, aliitaka isimamishe huduma hiyo. Sheria ya namna hiyo ni vizuri kuwa nayo mapema, kabla ya kijana mjanja wa hapa kwetu hajaja na wazo lilelile.

Wizi nao umehamia huko. Huko Texas, mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, wezi walibandika misimbo ya QR kwenye mashine za maegesho. Dereva akiielekezea kamera, anapelekwa kwenye ukurasa wa uongo na kuingiza kadi yake. Austin peke yake ilikutwa na mashine 29 zilizobandikwa. Kwa anayelipa kwa pesa za simu kinga ni kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa la mtu binafsi, acha.

Taarifa za mienendo ya watu pia zina thamani kwa wezi. ParkMobile, kampuni kubwa ya malipo ya maegesho ya Marekani, ilivujiwa mwaka 2021 na taarifa za watumiaji wapatao milioni 21, zikiwemo namba za magari na za simu. Rekodi ya maegesho inaeleza mtu anakwenda wapi, siku gani, anakaa muda gani. Kwa kukadiria kujaa kwa mtaa hakuna haja ya kuhifadhi namba ya gari baada ya deni kulipwa. Ifutwe, ibaki hesabu.

Uingereza imekutana na kero nyingine: kila halmashauri na programu yake, dereva anayesafiri anajaza simu na programu tano za kazi moja. Wameanzisha jukwaa la kitaifa linaloziunganisha, ili programu yoyote ilipie mahali popote. Tanzania imeikwepa kero hiyo kwa kuwa na mfumo mmoja wa namba za kumbukumbu za malipo kwa serikali nzima, na jambo hilo lisipotezwe kwa kila jiji kutaka mfumo wake.

Lililobaki ni mkataba. Nairobi ilipoachana na JamboPay mwaka 2019 ilibidi kuhamia mfumo mwingine, na kila mji unaokabidhi maegesho kwa kampuni ujiulize siku hiyo ikifika rekodi za miaka yote zitabaki mikononi mwa nani. Kifungu cha kumiliki rekodi kinachukua mistari miwili kwenye mkataba, lakini kisipokuwepo, mji hauwezi kujua hata mitaa yake inajaa saa ngapi bila kuomba ruhusa. Kiwepo pia kifungu cha kuuachia mji uhuru wa kubadili ada, kuondoa nafasi kwa ajili ya njia ya mabasi, na kufunga mtaa kwa soko. Chicago haikujiachia uhuru huo. Mwaka 2008 jiji hilo lilikodisha mashine zake zipatazo 36,000 kwa kampuni binafsi kwa dola bilioni 1.15, na mkaguzi wake mkuu akaja kusema mwaka uliofuata kwamba ziliuzwa pungufu kwa karibu dola bilioni moja. Tangu hapo jiji likifunga barabara kwa matengenezo au kwa tamasha, hulazimika kuilipa kampuni fidia ya mapato ya nafasi zilizofungwa. Mkataba huo ni wa miaka 75, na unakwenda hadi mwaka 2083.